Chupa isiyo na jina: mtoto aliyekunywa dawa ya kupe

Kisa hiki kilitokea katika eneo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kaunti ya Nakuru. Jina la mtoto, kijiji, vituo vya afya na tarehe vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa pasipo kugusa mtiririko wa matibabu. Kinawafaa zaidi maafisa wa kliniki, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, maana ndani yake mna kosa ambalo ni rahisi kulirudia: kwa saa mbili mtoto alitibiwa sumu ambayo hakuinywa.

Usuli

Mtoto ni wa kiume, umri wa miaka 2 na miezi 8, uzito kilo 12. Hakuwa na ugonjwa wowote. Mchana alikuwa akilelewa na nyanya yake, pamoja na dada yake wa miaka 7. Boma lina ng'ombe watatu wanaofugwa zizini.

Kupe katika eneo hilo si jambo dogo. Kupe wa masikio huleta ndigana kali, na ng'ombe wa gredi asiyenyunyiziwa dawa kila wiki anaweza kufa ndani ya wiki chache tangu aambukizwe. Zamani kazi hiyo ilifanyika kwenye majosho ya pamoja, ambako dawa ilikaa josho na mfugaji akarudi nyumbani na ng'ombe wake tu. Majosho mengi yalikufa katika miaka ya 1990 baada ya uendeshaji wake kuachiwa jamii. Tangu hapo dawa imehamia bomani: kila mfugaji ana pampu yake ya mgongoni, na kila pampu ina chupa yake ya dawa mahali fulani karibu na jikoni au zizi.

Majirani wanne walikuwa wamechanga pesa wakanunua mtungi wa lita 1, kwa kuwa bei ya mililita moja hushuka sana ukinunua mtungi mkubwa. Wakagawana mililita 250 kila mmoja katika chupa za plastiki za soda za nusu lita. Mtungi wenyewe, wenye maandishi na maelekezo, ulibaki kwa aliyekwenda kuununua. Kwa hiyo boma tatu kati ya nne zilikuwa na dawa isiyo na jina. Waliijua kama "dawa ya kupe", basi.

Ndani ya chupa mlikuwa na amitrazi ya asilimia 12.5 iliyoyeyushwa katika kiyeyushi cha jamii ya petroli. Ni kioevu cha manjano hafifu, chenye harufu kama ya rangi ya kupaka ukuta. Kwenye chupa ya soda, rangi yake haiwezi kumshtua mtoto.

Mfuatano wa matukio

Saa 2:20 asubuhi mjomba wa mtoto alikuwa akitayarisha pampu. Alimimina dawa akipimia kwa kifuniko cha chupa, akaiweka chupa wazi juu ya ukingo wa hori, kisha akaitwa kumshika ndama aliyekuwa amekata kamba. Hakukawia hata dakika tano. Dada mtu alimkuta mdogo wake ameishika chupa kwa mikono miwili, shati limelowa kifuani. Kiasi alichokunywa hakijulikani. Makadirio yaliyotumika baadaye hospitalini yalikuwa mkupuo mmoja, yaani takriban mililita 5.

Nyanya alimpa mtoto kikombe cha maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Alitapika mara moja, akapaliwa na kukohoa kwa nguvu. Shati lililolowa halikuvuliwa. Alifungwa leso juu yake ili asipate baridi njiani. Saa 2:50, bodaboda ikaondoka. Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kusinzia.

Saa 3:15 walifika kituo cha afya. Maelezo ya nyanya yalikuwa mafupi: "Daktari, mjukuu amekunywa dawa ya ng'ombe." Chupa ilikuwa imebaki hori. Mtoto aliitikia alipofinywa tu. Mapigo ya moyo yalikuwa 64 kwa dakika, wakati kwa umri huo yanatarajiwa kuwa kati ya 95 na 140. Alipumua mara 18 kwa dakika, oksijeni ikiwa asilimia 89. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Joto la mwili lilikuwa chini, nyuzi 35.2, na sukari ya damu ilikuwa juu, 14.2. Mlio wa majimaji ulisikika katika pafu la kulia, sehemu ya chini.

Oksijeni ilianzishwa mara moja na mshipa ukapatikana. Kwa mboni ndogo, moyo wa polepole na mapafu yenye majimaji, uamuzi ulikuwa kwamba hiyo ni sumu ya kundi la oganofosfeti, yaani dawa za kuulia wadudu zinazotumika mashambani na kwa mifugo. Atropini, dawa inayokausha majimaji ya sumu hiyo na kuharakisha moyo, ilitolewa kwa kipimo cha mikrogramu 20 kwa kila kilo, yaani miligramu 0.24, saa 3:25, tena 3:35, tena 3:50. Mapigo yakapanda hadi 96, kisha 118. Mtoto hakuamka, mboni hazikubadilika, na ule mlio wa pafu la kulia ulibaki vilevile.

Ambulensi iliondoka saa 4:20. Muuguzi aliyesindikiza alikuwa na mfuko wa kupulizia hewa na barakoa ya ukubwa wa mtoto mkononi, akampa atropini mara mbili zaidi njiani kwa sababu "kifua hakijakauka". Saa 5:05 walipokewa katika hospitali ya rufaa. Sasa mapigo yalikuwa 168, ngozi imekuwa nyekundu na kavu, mdomo umekauka hadi ulimi unanata, tumbo limevimba na halina sauti. Hizo ni dalili za atropini kupita kiasi. Bado alikuwa hana fahamu.

Nguo zilivuliwa saa 5:20, saa tatu kamili tangu zilowe. Mwili ulioshwa kwa maji vuguvugu na sabuni, pamoja na nywele na nyuma ya masikio, wauguzi wakiwa wamevaa glavu.

Maamuzi na sababu zake

Kusimamisha atropini, saa 5:30. Afisa aliyempokea aliuliza swali moja ambalo halikuwa limeulizwa: je, kabla ya dozi ya kwanza mtoto huyu alikuwa akitokwa na mate, jasho, machozi au kuharisha? Muuguzi wa kituo, kwa simu, alisema hapana; mdomo ulikuwa mkavu tangu mwanzo. Misuli haikuwa ikitetemeka. Mlio wa kifua ulikuwa upande mmoja tu. Majimaji ya oganofosfeti hujaza mapafu yote mawili. Yale ya kupaliwa hukaa pale yalipoangukia, na kwa kawaida huwa upande wa kulia chini.

Kutafuta jina la dawa. Hili lilichukua zaidi ya saa nzima, na sababu haikuwa umbali. Mjomba aliogopa kushtakiwa, akawa hapokei simu. Aliyefanikiwa ni muuguzi aliyempigia kwa simu ya nyanya na kumwambia, "Kaka, hatutafuti mwenye makosa. Tunataka picha ya maandishi yaliyo kwenye mtungi." Picha ilifika saa 6:40 mchana. Amitrazi, asilimia 12.5.

Hapo hesabu ikawezekana. Asilimia 12.5 ni miligramu 125 katika kila mililita. Mkupuo wa mililita 5 ni miligramu 625, na kwa mtoto wa kilo 12 ni kama miligramu 52 kwa kila kilo. Kiasi hicho kinatosha kabisa kumlaza mtoto bila fahamu.

Kutoosha tumbo na kutompa mkaa wa hospitali, ule unaonyonya sumu tumboni. Mkaa husaidia zaidi ndani ya saa ya kwanza, na kwa mtoto asiyeweza kulinda njia yake ya hewa, mpira wa kuoshea tumbo ungepeleka kiyeyushi kilichobaki moja kwa moja mapafuni. Kulikuwa na sauti moja wodini iliyotaka mkaa "kwa tahadhari". Ilikataliwa, na ilistahili kukataliwa.

Kutotoa pralidoksimu wala insulini. Pralidoksimu hurudisha kimeng'enya kilichofungwa na oganofosfeti. Amitrazi haikigusi kimeng'enya hicho. Sukari ya 14.2 nayo ilikuwa kazi ya sumu yenyewe, ambayo huzuia kongosho kutoa insulini kwa muda. Ikitoka mwilini, sukari hushuka bila msaada. Mtoto alipewa maji ya mshipa ya Ringa lakteti mililita 44 kwa saa, sukari ikipimwa kila baada ya saa mbili. Ilipofika chini ya 8, jioni, deksitrosi, yaani sukari ya mshipa, ikaongezwa kwenye maji hayo.

Kilichobaki kilikuwa ulinzi. Hakuna dawa ya kuivunja amitrazi kwa binadamu. Mtoto alilazwa kwa ubavu, oksijeni ikiendelea, upumuaji ukihesabiwa kila dakika 15 kwa saa sita za kwanza, mfuko wa kupulizia hewa ukiwa kichwani pa kitanda, na mwili ukifunikwa ili joto lisishuke. Nepi zilipimwa uzito kwa sababu amitrazi huweza kumfanya mtoto akojoe sana. Iliwekwa wazi kwenye karatasi ya maagizo kwamba atropini itarudishwa kwa sababu moja tu: mapigo yakishuka chini ya 60 pamoja na mikono kuwa baridi au shinikizo la damu kushuka. Hilo halikutokea.

Matokeo

Mtoto alifungua macho na kumwita nyanya yake saa 8 usiku, karibu saa 18 tangu anywe. Kufikia asubuhi mboni, mapigo na sukari vilikuwa vya kawaida. Hii ndiyo kawaida ya amitrazi: mtoto akisaidiwa kupumua, huamka ndani ya siku moja au mbili kana kwamba alikuwa amelala tu.

Pafu lilikuwa na habari nyingine. Asubuhi hiyo hiyo homa ilipanda hadi 38.6 na picha ikaonyesha kivuli upande wa kulia chini. Alianzishiwa penisilini ya sindano uniti 600,000 kila baada ya saa sita na jentamisini miligramu 90 mara moja kwa siku. Pafu linalochomwa na kiyeyushi halihitaji viuavijasumu siku ya kwanza, na wapo wataalamu ambao wangesubiri. Homa iliyoendelea kwa siku ya pili ndiyo iliyotetea uamuzi huo. Aliondoka hospitalini siku ya tano. Siku moja ilikuwa ya sumu, nne zilikuwa za kutapishwa.

Uchambuzi: kule nyumbani

Maziwa na kidole kooni ni huduma ya kwanza inayojulikana na kila mtu, na karibu kila mtu huifanya kwa nia njema. Kwa dawa iliyoyeyushwa katika mafuta, na kwa mafuta taa vilevile, ndiyo hatua yenye madhara zaidi. Kioevu chepesi kinaposhuka tumboni, mapafu huwa salama kwa kiasi kikubwa. Kinapopandishwa tena kikiwa kimechanganyika na maziwa, nacho kinapita mbele ya mlango wa hewa wa mtoto anayesinzia, tone dogo tu linatosha kuchoma pafu.

Katika kisa hiki kutapishwa kulidhuru mara mbili. Kuliharibu pafu, kisha lile pafu lililoharibika likampotosha aliyekuwa akitibu. Bila mlio ule wa kulia, huenda oganofosfeti isingeaminika kirahisi hivyo.

Kilichotakiwa kufanyika bomani kingechukua dakika tatu: kuvua nguo zilizolowa, kuosha ngozi kwa maji mengi na sabuni, kumlaza kwa ubavu, kutompa chochote mdomoni, na kubeba chupa. Kama chupa haina jina, kuulizia mtungi wa asili uko kwa nani na kupiga picha ya maandishi yake kabla bodaboda haijaondoka. Dada wa miaka 7 alijua mtungi uko boma gani. Hakuna aliyemuuliza.

Uchambuzi: kule kituoni

Kituo kilifanya mengi sawa. Njia ya hewa ilitazamwa kwanza, oksijeni ikawekwa kabla ya maswali, sukari ikapimwa ndani ya dakika chache, kipimo cha atropini kilihesabiwa kwa uzito, na mtoto hakusafirishwa peke yake na dereva. Mahali penye ng'ombe na mashamba, kufikiria oganofosfeti kwa mtoto mwenye mboni ndogo ni jambo la busara, na kuchelewesha atropini kwa mwenye sumu hiyo kweli ni kumwua. Dozi ya kwanza kwa hiyo haina lawama.

Lawama iko kwenye dozi ya pili na zilizofuata. Atropini ikitolewa kwa oganofosfeti, lengo ni kifua kukauka, na hurudiwa kila dakika 5 hadi 10 mpaka kikauke. Huwezi kulifikia lengo hilo kwa mtoto ambaye majimaji yake hayakutoka kwenye tezi. Kila dozi ilisomwa kwa mapigo ya moyo: yalipopanda, ikadhaniwa dawa imemkuta adui wake. Lakini atropini huharakisha moyo wa mtu yeyote, na huinua hata moyo uliopunguzwa na amitrazi. Kupanda kwa mapigo hakuthibitishi sumu ni ipi.

Tofauti zilikuwepo kitandani tangu saa 3:15. Oganofosfeti na kabamati, kundi jingine la dawa za wadudu, humlowesha mtoto: mate, jasho, machozi, kamasi, mkojo na choo, misuli ikichezacheza chini ya ngozi. Amitrazi humlaza mtoto akiwa mkavu: usingizi mzito, moyo wa polepole, mwili baridi, mboni ndogo, sukari juu. Sukari peke yake haitoshi kutenganisha, kwa sababu oganofosfeti nayo huweza kuipandisha. Lakini mtoto mkavu, baridi, aliyelala, mwenye moyo wa polepole na sukari ya 14 anaelekeza upande mmoja. Hapa ile 14.2 iliandikwa kwenye faili na pembeni yake pakaandikwa "maziwa", kana kwamba kikombe cha nyanya ndicho kilichoipandisha.

Kuna jambo dogo la kimaandishi lililogharimu. Fomu ya rufaa ilisema "oganofosfeti" bila alama ya kuuliza. Muuguzi wa ambulensi alifuata kilichoandikwa, kama inavyopaswa. Laiti ingeandikwa "dawa ya mifugo, aina haijulikani, mdomo mkavu kabla ya atropini", zile dozi mbili za njiani zisingetolewa.

Nguo kukaa mwilini saa tatu ni kasoro ya kila aliyemshika mtoto, tangu nyanya hadi ambulensi. Harufu ilikuwepo. Chumba cha dharura chenye shughuli nyingi husahau ngozi kwa sababu neno "amekunywa" hufanya wote watazame mdomo.

Kinga: chupa ya soda ina sababu

Mafunzo mengi huishia kuwaambia wazazi waweke sumu mbali na watoto. Familia hii ilikuwa ikiiweka mbali. Siku sita za wiki chupa ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya stoo, ndani ya mfuko. Mtoto aliipata siku ya saba, wakati wa kazi, katika zile dakika chache ambazo mtu mzima aliiacha wazi. Ndivyo ilivyo kwa mafuta taa wakati wa kujaza stovu na dawa ya kuua vidudu vya chooni wakati wa usafi. Wenye umri wa mwaka 1 hadi 4 ndio walio hatarini zaidi: wanatembea, wanafungua vifuniko, na kila chupa kwao ni ya kinywaji mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa hiyo kinga ina saa yake. Siku ya kunyunyizia, mtu mmoja anamshika mtoto na mwingine anashika dawa. Asiye na msaidizi asubiri mtoto alale. Pima moja kwa moja kutoka kwenye mtungi hadi kwenye pampu, funga kifuniko, rudisha mtungi juu, ndipo uongeze maji. Kipimo cha kawaida cha amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 20 kwa lita 10 za maji, na kwa kupimia kwa kifuniko cha soda hakuna anayejua ametia kiasi gani. Ikumbukwe pia kwamba ikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Masalio kwenye ndoo au jagi yanavutia kuliko chupa yenyewe, na kikombe kizima cha mchanganyiko huo kina karibu miligramu 50, ambazo kwa mtoto wa kilo 12 si salama.

Chupa ya soda, hata hivyo, haikuja kwa uzembe. Ilikuja kwa sababu lita moja ni nafuu na pesa ni za watu wanne. Kuwakemea wasigawane ni kuwaambia wanunue kwa bei ya juu, na hawatafanya hivyo. Kilichokubalika katika boma hizi, baada ya mhudumu wa afya ya jamii na mjumbe wa nyumba kumi kukaa nao, ni kuugawa muda badala ya dawa: mtungi unakaa kwa mmoja, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli lililopigiliwa ukutani juu ya kimo cha mtu mzima, na Jumamosi pampu moja inazunguka boma zote nne. Mililita zinaandikwa kwenye daftari ili asiwepo wa kulalamika kwamba ng'ombe wa fulani wamenyunyiziwa zaidi.

Wiki mbili baada ya mtoto kuruhusiwa, mhudumu huyo alizunguka kukusanya zile chupa za soda. Ya boma la mtoto ilikuwa imechomwa moto na mjomba siku ile ile, kwa hofu, pamoja na moshi wake wote. Ya boma la pili alipewa ikiwa na dawa nusu, ikamiminwa tena kwenye mtungi wa asili. Ya boma la tatu haikuwa stoo. Dawa ilikuwa imeisha, chupa ikasuguliwa kwa sabuni na majivu, na ilipatikana jikoni ikiwa imejazwa uji wa mtoto wa shule ya chekechea. Uji ulimwagwa, chupa ikatobolewa kwa msumari mara tatu mbele ya mama mwenye nyumba, ikatupwa chooni.